Moto Mlimani, Baiskeli Barabarani: Namna Mpango wa Dharura Unavyoamua Hatima ya Msafara

Usiku wa tarehe 21 Oktoba, 2022 moto ulizuka jirani na kambi ya Karanga, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, katika mwinuko unaokaribia mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Ilikuwa mara ya pili katika kipindi cha miaka miwili, na katika mwezi uleule. Tarehe 11 Oktoba, 2020 moto mwingine ulianzia eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo katika njia ya Marangu, na hadi ulipodhibitiwa ulikuwa umeteketeza uoto wa takriban kilomita za mraba 95 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Moto wa aina hiyo huwaka juu ya ukanda wa msitu, mbali na vihamba vya migomba na kahawa, na mbali zaidi na barabara za lami zinazouzunguka mlima. Kwa mtu aliyesimama mjini Moshi, ni mstari mwekundu usiku na wingu la kijivu mchana. Hata hivyo, endapo usiku wa namna hiyo utaangukia mkesha wa msafara mkubwa wa baiskeli, swali litakalowakabili waandaaji na vyombo vya Serikali halitakuwa iwapo ndimi za moto zitafika barabarani. Litakuwa ni nani atakayebaki kuwalinda waendesha baiskeli ikiwa kila askari, gari na redio ya mawasiliano inahitajika mlimani, na ni hewa gani watakayoivuta watu waliosajiliwa kupanda vilima kwa saa tano au sita mfululizo.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Kilimanjaro kwa sababu ya kalenda yake. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, hukusanya maelfu ya wakimbiaji mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mwezi Julai, kampeni ya kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI inayoratibiwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS) hupeleka wapanda mlima kileleni, huku waendesha baiskeli wakiuzunguka mlima huohuo kwa chini. Waandaaji wa matukio hayo huchagua miezi hiyo kwa sababu njema: mvua za masika na za vuli huwa hazipo, barabara ni kavu na kilele huonekana. Lakini ukavu unaompendeza mwendesha baiskeli ndio unaokausha nyasi na vichaka vya erika juu ya msitu. Kati ya Januari na Machi, na tena kati ya Julai na Oktoba, msimu wa michezo na msimu wa moto ni msimu mmoja.

Moto huchukua watu kabla ya kuchukua barabara

Kuzima moto katika mwinuko wa mita 4,000 ni kazi ya mikono. Gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huishia getini au mwisho wa barabara ya msituni; kutoka hapo wazimamoto hutembea kwa saa kadhaa wakiwa wamebeba maji ya kunywa, mapanga, majembe na vifaa vya kupigia moto. Hewa ya huko ina oksijeni chini ya theluthi mbili ya ile ya pwani, hivyo mtu mwenye afya njema huchoka mapema na hulazimika kupokewa na mwingine. Moto wenyewe nao ni mdanganyifu. Unapozimwa juu ya ardhi huweza kuendelea kufuka ndani ya mboji na mizizi, kisha ukaibuka tena upepo unapobadilika. Moto wa mwaka 2022 uliendelea kusumbua hadi mwanzoni mwa Novemba, na vikosi vya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) vikaongezwa kusaidia.

Ndiyo sababu operesheni za namna hii humeza mamia ya watu. Mwaka 2020 takriban watu 500 walishiriki: askari wa uhifadhi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), wazimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, na wananchi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kuwa ni watu walewale wanaotegemewa na tukio kubwa la michezo. Kijana wa Mweka au Kibosho anayesimama kwenye kona na bendera mkononi kuwaongoza waendesha baiskeli mara nyingi ni mpagazi au mwongoza watalii siku nyingine, anayeijua njia ya mlimani kuliko mtu yeyote kutoka mjini. Gari la wagonjwa linaloufuata msafara ndilo ambalo lingesubiri getini kumpokea mzimamoto aliyeungua au aliyezidiwa na moshi. Askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani anayefunga makutano ya Himo ndiye ambaye angefungua njia kwa malori ya vikosi.

Hapa ndipo mpango wa dharura huanza kazi yake halisi, na hapa ndipo mipango mingi duniani huwa dhaifu. Ni rahisi kuandika kwamba tukio litakuwa na magari manne ya wagonjwa. Ni vigumu zaidi kuandika ni yapi kati ya hayo yataondoka endapo mlima utawaka, na msafara utafanya nini baada ya kuondoka kwake. Mpango unaofaa hutaja rasilimali mara mbili: kwanza kama mali ya tukio, kisha kama mali inayoweza kuitwa na mamlaka wakati wowote. Ukishaandikwa hivyo, kiwango cha chini cha huduma hujulikana mapema. Ikiwa magari ya wagonjwa yaliyobaki, waganga waliobaki na waongozaji waliobaki hawatoshi kwa umbali uliopangwa, umbali huo hupunguzwa au tukio husimama. Hakuna haja ya kubishana usiku wa manane.

Mji wa Moshi na moshi wa asubuhi

Jina la mji huu limewapa watani mzaha wa miaka mingi, lakini moshi wa kweli unaposhuka kutoka mlimani haufuati matarajio ya wengi. Mtu hudhani kwamba moto ulio juu hupeleka moshi wake juu zaidi na kuuacha mji salama. Mchana huwa hivyo kwa kiasi kikubwa: jua hupasha miteremko, hewa yenye joto hupanda, na moshi hupanda nayo. Usiku mambo hugeuka. Miteremko hupoa, hewa baridi na nzito hutiririka kuelekea chini kama maji, ikipita katika mabonde ya mito, na hubeba moshi hadi kwenye vijiji na mji. Kabla jua halijapata nguvu, moshi huo hutuama mabondeni.

Misafara ya baiskeli na mbio za miguu huanza alfajiri au mapema asubuhi ili kukwepa joto na magari. Kwa maneno mengine, saa iliyochaguliwa kwa ajili ya ubaridi wake ndiyo saa ambayo, wakati wa moto, hewa ya chini inaweza kuwa mbaya kuliko wakati mwingine wa siku. Kuchelewesha kuanza kutoka saa 12:00 hadi saa 4:00 asubuhi kunaweza kuwapa washiriki hewa safi zaidi, lakini pia kunawapa jua kali na barabara yenye mabasi ya abiria kati ya Moshi na Himo. Uamuzi huo hauna jibu moja; unahitaji mtu aliyepima pande zote mbili kabla ya siku yenyewe.

Madhara ya moshi kwa mwendesha baiskeli ni makubwa kuliko kwa mtazamaji aliyekaa kando ya barabara. Mtu aliyepumzika huvuta takriban lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Anayepanda kilima kwa baiskeli huvuta mara kumi ya kiasi hicho au zaidi, tena kwa mdomo, bila msaada wa pua kuchuja. Chembe zinazohofiwa zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika mfumo wa damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa saa 24 wa chembe hizo usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na moshi wa moto wa nyika huweza kupita kiwango hicho mara nyingi. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo. Barakoa za kitaalamu zinazozizuia huongeza ugumu wa kupumua, na ni wachache wawezao kupanda mlima wa Marangu wakiwa wameivaa.

Kwa hiyo mpango hutakiwa kuwa na kiwango cha hewa kilichoandikwa, pamoja na mtu mmoja wa afya mwenye mamlaka ya kusema kiwango kimevukwa. Pale vifaa vya kupimia vinapokuwa vichache, dalili za macho husaidia kama tahadhari ya awali. Endapo vilima vya karibu ambavyo huonekana kila siku vimefifia, endapo macho yanawasha na harufu ya majani yaliyoungua haiondoki, hayo ni mazingira ambayo mtu mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au ujauzito hapaswi kufanya mazoezi mazito, awe amelipa ada ya usajili au la.

Nani anaamua

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya Mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji, huku Ofisi ya Waziri Mkuu ikiwa mratibu wa Kitaifa. Ndani ya hifadhi, TANAPA ndiyo yenye dhamana ya kwanza ya kukabiliana na moto. Nje ya hifadhi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi la Polisi husimamia usalama wa mikusanyiko na barabara. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, na za wilaya chini ya TARURA. Upande wa michezo kuna Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA).

Orodha hiyo ni ndefu, na urefu wake ndio hatari. Kila taasisi ina mamlaka ya kuzuia sehemu fulani ya tukio, lakini mwandaaji anayepiga simu saa 9:00 usiku hahitaji taasisi nane. Anahitaji jibu moja. Matukio yanayoendeshwa vizuri hutatua jambo hili kwa kukubaliana wiki kadhaa kabla kuhusu meza moja ya uamuzi, wajumbe wake wakiwa na majina, namba za simu na wasaidizi wao. Kanuni ya msingi ni kwamba kamanda wa operesheni ya moto hahitaji kuomba chochote kutoka kwa tukio la michezo. Anapotaka barabara, hupewa barabara. Anapotaka uwanja uliokuwa utumike kwa sherehe ya kumalizia ili helikopta itue au vikosi vikusanyike, hupewa uwanja.

Njia inayouzunguka mlima ina ugumu wake wa ziada. Kutoka Moshi hadi Himo, kisha Marangu, Mkuu wa Rombo na Tarakea, msafara hubaki Mkoa wa Kilimanjaro. Ukielekea Kamwanga, huingia Wilaya ya Longido, Mkoa wa Arusha, kabla ya kurudi Sanya Juu na Boma Ng'ombe. Mikoa miwili ina maana ya kamati mbili za usimamizi wa maafa na makamanda wawili wa polisi. Sehemu ya kaskazini na magharibi ina makazi machache, hospitali zipo mbali, na mtandao wa simu hauaminiki kila mahali kama ilivyo upande wa kusini. Moto ukiwa upande wa Londorosi, msafara uliopo kati ya Kamwanga na Sanya Juu ndio ulio katika nafasi mbaya zaidi: umbali wa kurudi na wa kusonga mbele unakaribiana, na magari ya kubebea watu ni machache.

Ni kwa sababu hiyo mpango wa njia ndefu hugawa barabara katika vipande, kila kipande kikiwa na mahali pa kusimamia. Mahali hapo si kituo cha maji tu. Panapaswa kuwa na paa, maji, choo, nafasi ya kuweka mamia ya baiskeli na barabara ya kutokea kwa basi. Shule, viwanja vya makanisa na misikiti, na masoko ya Himo, Mkuu, Tarakea na Sanya Juu vina sifa hizo, ilimradi wenyewe wameombwa na kukubali mapema. Kuusimamisha msafara ulio barabarani ni kazi ngumu kuliko kutouanzisha. Baada ya saa mbili, mwendesha baiskeli wa kwanza na wa mwisho wanaweza kutengana kwa makumi ya kilomita, na waliopo nyuma, ambao huwa ndio wazee, watoto na wasio na mazoezi, hubaki ndani ya moshi kwa muda mrefu kuliko washindani wa mbele. Amri ya kusimama lazima ianzie nyuma kwenda mbele, kinyume na mazoea ya mashindano ambapo macho yote humtazama anayeongoza.

Mfano wa Cape Town

Afrika Kusini imewahi kupitia jaribio hili waziwazi. Tarehe 1 Machi, 2015 moto ulizuka kwenye milima iliyo juu ya Muizenberg, kusini mwa Cape Town, na kusambaa katika rasi hiyo kwa siku kadhaa. Wiki moja baadaye, tarehe 8 Machi, yalipangwa mashindano ya Cape Town Cycle Tour, ambayo huvutia makumi ya maelfu ya waendesha baiskeli katika njia ya kilomita 109 inayoizunguka rasi. Waandaaji hawakufuta tukio na hawakulazimisha njia ya kawaida. Waliifupisha hadi kilomita 47.

Jambo la kujifunza lipo katika sababu za kuifupisha. Moto mkubwa ulikuwa tayari umepungua. Kilichobaki kilikuwa mteremko usio na mimea juu ya barabara ya Chapman's Peak, ambako mawe yaliyokuwa yameshikwa na mizizi yalikuwa yakianguka, pamoja na wazimamoto waliokuwa bado kazini. Barabara ilikuwepo na lami haikuungua, lakini haikufaa kupitisha umati.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Machi, 2017, mashindano hayohayo yalifutwa asubuhi ya siku yenyewe, baadhi ya washiriki wakiwa wameshaanza. Sababu kuu ilikuwa upepo mkali uliowaangusha watu na baiskeli zao, huku jiji likiwa limetoka kukumbwa na moto uliowaacha maelfu ya wakazi wa Imizamo Yethu, eneo la Hout Bay, bila makazi. Kufuta asubuhi huwaudhi watu waliosafiri kutoka mbali. Lakini umati ulioudhika uliopo mahali pa kuanzia, karibu na vyoo na mabasi, unaweza kuhudumiwa. Umati ulionaswa katikati ya njia hauwezi.

Saa 72 za mwisho

Mipango ya aina hii huwa na ngazi nne: kuendelea, kufupisha, kuahirisha na kufuta. Kinachotofautisha mpango imara na karatasi ya kuwekwa kabatini ni saa ambayo kila ngazi hufikiwa.

Siku tatu kabla, meza ya uamuzi huanza kusoma taarifa kila siku. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa upepo na mvua pamoja na tahadhari za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Picha za setilaiti, kupitia mfumo wa FIRMS wa Shirika la Anga la Marekani (NASA), huonyesha maeneo yenye joto lisilo la kawaida saa chache baada ya setilaiti kupita, na huduma hiyo ni ya bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ina upungufu wake: mawingu mazito, ambayo ni ya kawaida juu ya msitu wa Kilimanjaro, huweza kuuficha moto. Taarifa ya askari aliyeko Horombo au mwongoza watalii aliyeko Karanga bado ina thamani kuliko picha.

Siku moja kabla, njia mbadala iliyofupishwa huwa imeshapimwa na kukaguliwa. Hili husahaulika mara nyingi. Njia fupi inayobuniwa usiku mmoja kabla haina waongozaji, haina maji, na polisi hawajui makutano yake. Kwa tukio linaloanzia Moshi, njia fupi inayoelekea mashariki au magharibi kwenye tambarare, mbali na mabonde yanayoshusha moshi, inaweza kutayarishwa miezi kadhaa kabla na kuwekwa akiba. Ikiwa haitatumika, hakuna kilichopotea isipokuwa kazi ya siku mbili ya watu wachache.

Saa 9:00 au 10:00 usiku wa kuamkia tukio ndiyo saa ya mwisho yenye maana kwa washiriki, kwa sababu baada ya hapo wengi huwa wameamka na kuanza safari kutoka Arusha, Same au Rombo. Tangazo hutolewa kwa ujumbe mfupi wa simu kwa namba zote zilizosajiliwa, kwa redio za mkoa, na kwa vipaza sauti mahali pa kuanzia. Linapaswa kusema mambo machache: tukio limefupishwa, limeahirishwa au limefutwa, sababu yake, mshiriki afanye nini sasa, na taarifa inayofuata itatoka saa ngapi. Tangazo lisilotaja saa ya taarifa inayofuata huzaa uvumi, na uvumi katika umati wa maelfu ya watu husambaa kwa kasi kuliko baiskeli yoyote.

Lugha ya tangazo nayo ina uzito. Wageni kutoka nje ya nchi huhitaji Kiingereza, lakini wananchi wa Kilema, Machame na Uru waliojipanga kandokando ya barabara, pamoja na mama lishe walioandaa chakula na wauza ndizi na juisi, huhitaji Kiswahili cha moja kwa moja. Hao huathirika kuliko wengi wanavyodhani. Mshiriki aliyefutiwa tukio hupoteza siku yake. Mama aliyenunua mikungu ya ndizi na magunia ya machungwa kwa mkopo hupoteza mtaji. Baadhi ya waandaaji duniani hununua chakula hicho na kukipeleka kwa vikosi vinavyozima moto. Kwa Kilimanjaro, ambako mamia ya wazimamoto wa kujitolea huhitaji kulishwa getini kwa siku nyingi, utaratibu huo ungewafaa wote wawili, na gharama yake ni ndogo ikiandikwa katika bajeti mapema.

Kuhusu ada ya usajili, uwazi ni bora kuliko ukarimu wa baadaye. Masharti ya usajili yanapaswa kueleza, kabla mtu hajalipa, kama ada itarejeshwa, itahamishiwa mwaka unaofuata au itabaki kwa waandaaji endapo moto utazuia tukio. Mshiriki aliyesoma na kukubali huondoka akiwa na huzuni. Asiyeambiwa huondoka na malalamiko, na mwaka unaofuata humshauri jirani yake asijisajili.

Wajibu wa mshiriki na mwananchi

Moto mwingi wa Kilimanjaro huanzishwa na binadamu. Vyanzo vinavyotajwa mara kwa mara ni moto wa kupikia au kuota ulioachwa bila kuzimwa, urinaji wa asali kwa moshi, uchomaji wa mkaa, ujangili na vipande vya sigara. Siku za tukio kubwa, watu wengi zaidi hukaa pembezoni mwa msitu, na hatari hiyo huongezeka. Marufuku ya kuwasha moto na kuvuta sigara katika vituo vya juu vya njia, hasa karibu na mageti ya Marangu, Mweka, Umbwe na Machame, ni sehemu ya mpango wa dharura sawasawa na magari ya wagonjwa.

Mwananchi anayeona moto au moshi usio wa kawaida hutakiwa kupiga simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, au ya Polisi kwa namba 112, na kutaja kijiji, upande wa mlima na alama iliyo karibu. Mwendesha baiskeli aliyeamriwa kusimama hutakiwa kusimama hapohapo alipoambiwa. Kila msafara huwa na mtu mmoja mwenye miguu imara anayedhani kwamba amri hiyo ni ya wengine, na huyo ndiye anayewalazimisha waokoaji kutuma gari la ziada lililotakiwa kwenda kwingine.

Baada ya moto kuzimwa

Tangazo kwamba moto umedhibitiwa halina maana kwamba njia imerudi kuwa salama. Vichaka vya erika na msitu wa juu hunasa ukungu na kushikilia udongo. Vikiteketea, maji ya mvua ya kwanza hushuka kwa kasi yakiwa yamebeba majivu, matope na mawe. Moto wa Oktoba hufuatiwa kwa karibu na mvua za vuli. Athari zake huonekana kwanza katika mito inayokatiza barabara na katika mifongo, ile mifereji ya jadi inayopeleka maji kwenye vihamba. Madaraja madogo na makalvati huziba kwa matawi yaliyoungua, na tabaka jembamba la majivu yaliyoloana juu ya lami huteleza kama sabuni chini ya tairi la baiskeli.

Barabara ya Chapman's Peak ilifungwa kwa waendesha baiskeli wakati moto ulikuwa umeshapungua. Kwa msafara ulioahirishwa Kilimanjaro, tarehe mpya huanza kujadiliwa baada ya wahandisi wa TANROADS na TARURA kupita kwenye makalvati, wataalamu wa hifadhi kuthibitisha kwamba hakuna moto unaofuka ardhini, na vikosi vilivyoshuka kutoka mlimani kupumzika. Waongozaji wengi wa msafara huo watakuwa miongoni mwao.